Aibu ya Kushika Kamba

Wapo watakaokifunga kitabu hiki wakifika hapa. Watasema: huyu bwana ameandika juu ya karafuu tumemsikiliza, ameandika juu ya skuli na harusi za siku hizi tumemvumilia, sasa ameingia kwenye mbwa! Nawaomba wasikifunge. Na kama hapana budi wakifunge, basi wamalize kwanza habari ya ami yangu, halafu wafanye watakavyo.

Ami yangu alikufa mwaka 2010, hapa hapa Mgogoni. Aliumwa na mbwa akitoka shamba wakati wa magharibi, kidogo tu, juu ya kifundo cha mguu. Mbwa mwenyewe hakubweka wala hakusimama. Aliuma akenda zake kama mtu mwenye safari. Ami akafika nyumbani, akatia unga wa kahawa juu ya kidonda, akafunga kitambaa, na kesho yake akaenda kupalilia mhogo. Kidonda kikapona. Sisi tukasahau, na yeye akasahau.

Ilipita miezi miwili hivi. Siku moja akalalamika kwamba pale palipopona panamwasha na kumchoma kama siafu. Kisha homa. Kisha ikawa hawezi kunywa. Msomaji, sikusudii kukutisha, lakini mambo haya sharti yasemwe kama yalivyokuwa, kwani tumezoea kuyanong'ona. Tulimletea maji kwenye kikombe cha bati. Alikuwa na kiu, midomo imekauka, na mkono aliunyoosha mwenyewe kukipokea. Lakini kikombe kilipokaribia mdomo shingo ikakakamaa, koo likaruka, na mtu mzima yule akapiga ukelele. Hata upepo wa mlango ukifunguliwa ulimtesa. Na baina ya vipindi hivyo akili yake ilikuwa timamu kabisa. Aliniamkia kwa jina langu, akauliza habari za mke wangu, kisha akatuomba tumfunge mikono asije akamdhuru mtoto. Siku ya nne tulimzika. Wako waliosema ni jini, wako waliosema amerogwa na mtu wanayemjua. Hakuna aliyesema mbwa.

Basi ugonjwa huu wa kichaa cha mbwa ndivyo ulivyo. Virusi vyake hukaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Vikishaingia jerahani huifuata mishipa ya fahamu polepole mpaka ubongoni. Safari hiyo mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu, pengine wiki chache, pengine hata mwaka. Na katika muda huo wote mtu anaweza kuokolewa. Zikishaonekana dalili, waganga wote wa dunia, wa kizungu na wa kienyeji, huwa sawasawa: hawana dawa. Kila mwaka watu wapatao 59,000 hufa hivyo duniani kwa makadirio ya wataalamu, karibu wote katika Afrika na Asia, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Chanjo ya kumwokoa aliyeumwa ilianza kutumika mwaka 1885, Louis Pasteur alipomdunga sindano mtoto Joseph Meister kule Paris. Yaani ami yangu alikufa miaka 125 baada ya dawa yake kupatikana.

Sasa nakuja kwenye makosa yangu mwenyewe, maana itakuwa ni ufedhuli niwaseme wenzangu na kujificha mimi.

Nilikuwa na mbwa. Mtu alimaye mhogo na maboga huku kwetu bila mbwa analima kwa ajili ya tumbili na nguruwe wa mwituni. Tumbili hushuka mchana, nguruwe hufika usiku, na mkulima huachiwa majani. Mbwa wangu nilimwita Hayakuhusu, ili liwe jibu kwa majirani kabla hawajauliza. Alikuwa mwekundu, mwembamba, mkia umepinda, na hodari. Alilala shamba, alikula akibahatika, na mimi nikijihesabu kwamba nimemfuga.

Mwaka 2012 sheha akatangaza kwamba watu wa mifugo watakuja kuchanja mbwa, bure, kiwanja cha skuli, asubuhi. Mimi, mtu niliyekwisha kuona kikombe kile cha bati, sikwenda. Nilijiambia mbwa wangu hajazoea kamba. Nilijiambia kuna umande. Nilijiambia nitakwenda wakija tena. Ukweli ni kwamba njia ya skuli inapita mbele ya msikiti, ikapita na mbele ya baraza ya kahawa, na mimi niliona aibu nionekane nimeshika kamba, mwisho wake mbwa. Hayo tu. Watoto wa jirani walimpeleka wa kwao wamemfunga kwa ukaya wa mama yao, na mimi nikiwa dirishani nikawacheka.

Wiki kadhaa baadaye Hayakuhusu alibadilika. Sauti ilikauka, akibweka ni kama mtu anayekoroma. Akawa anauma mchi wa kinu, anauma vijiti, mate yanamchuruzika. Siku ya pili akakimbia ovyo, akamng'ata ndama, na akamng'ata mtoto wa dada yangu, wa miaka minane. Vijana wakamuua kwa magongo, tukamfukia shimo refu. Ndama naye akafa baadaye.

Lakini mtoto hakusema! Kwa siku tatu hakusema. Saa ile alipoumwa alitakiwa awe chuoni anasoma, naye alikuwa juu ya mpera wa watu. Akaogopa bakora kuliko jino la mbwa. Bibi yake ndiye aliyeliona jeraha alipokuwa akimkogesha. Tulimwosha kwa sabuni na maji mengi, tukaanza kuhangaika. Mahali pa kwanza tuliambiwa dawa imekwisha. Pa pili tuliambiwa turudi Jumatatu. Mwisho tukaipata, kwa nauli na gharama zilizoondoka na mbuzi wangu wawili, na akarudi kila siku aliyopangiwa mpaka sindano zote zikatimia. Mtoto yule leo ana masharubu na ananishinda urefu. Kila nikimwona akinywa maji huwa natazama pembeni. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, nami sikumtaka mtu aniambie.

Kwa hiyo nikisikia barazani maneno ninayoyasikia, siwezi tena kunyamaza.

Neno la kwanza ni lile la kwamba mbwa ni najisi, na kwa hiyo hatuna haja ya kuhangaika naye. Mimi ni mtu wa dhehebu la Shafi kama walio wengi hapa. Mate ya mbwa yakinigusa naosha mara saba, moja kwa udongo, na sioni tabu. Hiyo ni hukumu ya kuosha. Nani aliyewafundisha kwamba ni ruhusa ya kuacha kiumbe kiwe na njaa, kiu na maradhi, kisha kiwarudie watoto wetu? Vitabu vile vile vinavyotufundisha kuosha vimeruhusu mbwa wa shamba, wa mifugo na wa kuwinda. Kila mtoto wa chuo anaijua habari ya mtu aliyeteremka kisimani akateka maji kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, na akasamehewa kwa ajili hiyo. Kila Ijumaa wako wanaosoma sura ya watu wa pangoni, na mbwa wao yumo. Wanaosoma ni hao hao wanaopita barazani wakimrushia mawe mbwa aliyelala. Nimewauliza, wakasema yule alikuwa mbwa mwengine. Haya.

La pili, na hili ndilo linalonichoma zaidi kwa sababu husemwa na watu wenye elimu, ni kwamba dawa ni kuwaua wote. Risasi, sumu, tumalize. Shirika la Afya Duniani limekwisha kusema, na kurudia, kwamba hakuna ushahidi kuwa kuua mbwa peke yake kunaondosha kichaa. Na sababu yake ni nyepesi kwa mtu yeyote aliyepata kufuga. Ukiua mbwa wa kijiji, nguruwe hawafi. Mkulima lazima atafute mwengine, na huyo atatoka kijiji cha pili au atavushwa kwa chombo kutoka ng'ambo, hajachanjwa, na hujui alikotoka ameumwa na nani. Na katika wale uliowaua wamo waliokwisha kuchanjwa, waliokuwa boma lako. Zaidi ya hayo, siku ukishatangaza kwamba serikali inaua mbwa, nani atamtoa wake hadharani achanjwe? Atamficha shamba. Na yule wa kufichwa ndiye wa kuogopwa.

Hesabu ya wataalamu ni kwamba wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, kila mwaka, ugonjwa hukosa pa kupita, ukafa wenyewe. Hao 30 waliobaki wanakingwa na wenzao. Tena kila mwaka, kwani maisha ya mbwa wa shamba ni mafupi; wazee wanakufa, vitoto vinazaliwa, na mwaka mmoja ukipita bila ya sindano ile 70 imeshuka. Na vitoto navyo vichanjwe. Nimesikia mtu akisema cha miezi miwili bado kidogo, kisubiri. Kichaa hakisubiri, na watoto wa watu hucheza na vitoto vya mbwa kuliko wanavyocheza na mbwa wakubwa.

Atakayeniambia hayo ni ya vitabuni, basi kitabu chenyewe kimeandikwa hapa Pemba. Taasisi ya Afya Ifakara pamoja na Chuo Kikuu cha Glasgow na wenzao waliufuatilia ugonjwa huu kisiwani kwetu tangu 2010 mpaka 2020, mbwa baada ya mbwa, jeraha baada ya jeraha. Wakachukua virusi wakavisoma vinasaba vyake ili kujua nani kamwambukiza nani, na mwaka 2023 wakachapisha waliyoyaona. Waligundua minyororo mitano ya maambukizi iliyokuwa ikizunguka kisiwani. Chanjo ya mbwa ya kila mwaka ilipoenea kisiwa kizima, na ikafanywa vizuri zaidi, minyororo yote mitano ilikatika. Ilipofika Mei 2014 hakukuwa na kichaa Pemba. Kisiwa kizima, jamani! Watu wakashangilia, kisha wakafanya yale tunayofanya sisi siku zote tukipona, tukaacha dawa. Chanjo ikalegea. Mwishoni mwa 2016 kichaa kikaingia tena kutoka nje, mara mbili, kikakuta mbwa ambao hawajachanjwa, kikasambaa. Ikabidi kuanza upya kisiwa kizima, na Oktoba 2018 kikakatika tena.

Mei 2014 mpaka mwisho wa 2016 ni miaka miwili na nusu hivi. Ndio muda uliotutosha kusahau. Ndiyo maana mtu akinipigia kifua barazani kwamba "kichaa hapa kilikwisha zamani", mimi humuuliza tu mbwa wake amechanjwa mwaka gani. Mara nyingi mazungumzo huhamia kwenye mpira. Sisi ni watu wa visiwa, bahari imetuzunguka, na bahari ni ukuta mzuri. Lakini ukuta una milango, na milango yetu ni majahazi na mashua zinazotia nanga kila siku. Mbwa mmoja chini ya shiraa hana cheti wala hana paspoti. Nawajua watu, siwataji, waliovusha mbwa kwa sababu wanataka mbwa mkali wa bara. Hawakuvusha bunduki, lakini pengine ingekuwa afadhali.

Na la tatu husemwa kwa upole: siku hizi sindano zipo, mtu akiumwa atadungwa. Mwenye kusema hivyo hajauza mbuzi wawili. Sindano ya mtu ni lazima iwepo, na haifai mtu kutozwa kwa ajili yake. Nalisema hilo kwa sauti kubwa. Lakini sindano ya mtu humwokoa mtu huyo mmoja, na mbwa mgonjwa bado yuko njiani anatafuta wa pili. Watafiti niliowataja walipiga hesabu wakaona kwamba kukiweka kisiwa hiki bila ya kichaa kunaziepusha familia zaidi ya 30 kila mwaka na majeraha ya mbwa wenye kichaa. Mimi familia hizo nazijua nyuso zao, kwa kuwa nimekuwa moja yao.

Akiumwa mtu, kwa mbwa unayemjua au usiyemjua, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, kwa dakika 15 kamili. Dakika 15 ni nyingi, mkono huchoka, aoshe. Asitie kahawa, wala majivu, wala mafuta ya taa, wala pilipili. Kisha aende hospitali siku ile ile, asingoje kuona kama mbwa atakufa. Anayetaka kusomewa asomewe, na anayetaka kunywa kombe anywe akiwa njiani. Dua haijapata kumzuia mtu kupanda gari. Wazee wengi bado wanaogopa zile sindano za zamani za tumboni. Hizo zimekwisha, za leo ni za mkononi, ni chache, na la muhimu ni kurudi kila siku uliyopangiwa. Na jamani, msiwapige watoto kwa sababu wameumwa na mbwa. Bakora ile aliyoiogopa mpwa wangu ilikaribia kumuua.

Sasa, nimepata kuona vitabu na magazeti ya kizungu yenye mashauri ya kumfuga mbwa. Mengine yamenichekesha. Humo mbwa ana mswaki wake, ana kitanda, anasherehekewa siku aliyozaliwa, na mwenyewe anaambiwa amchunguze kama moyo wake una huzuni. Simtaki mtu wa Mgogoni afike huko, wala simtaki amwingize chumbani. Lakini nilipoyapitia vizuri mashauri hayo, nilipotoa mswaki na keki, nilikuta yaliyobaki ni mambo ambayo babu yangu angeyakubali bila ya ubishi, maana ndivyo alivyowatunza ng'ombe wake.

Mbwa apewe maji kila siku, kwenye chombo chake mwenyewe. Ajabu ni kwamba watu wanaokumbuka kumlisha ni wengi kuliko wanaokumbuka kumnywesha, na jua letu mnalijua. Alishwe nyumbani, mbwa asiyelishwa kwake huenda jaani na kwa watu, na huko ndiko hukutana na wagonjwa. Apewe dawa ya minyoo, kwani minyoo ya mbwa haibaki kwa mbwa. Mayai yake hukaa mchangani, na mchangani ndipo watoto wetu wanapocheza miguu mitupu. Atolewe kupe, hasa masikioni na baina ya vidole, maana kupe humtia maradhi ya damu, ukamwona amelala na ufizi umekuwa mweupe ukasema ni mvivu. Akikatika manyoya na kujikuna usiku kucha, huo ni upele na una dawa. Kummwagia oili chafu ya gari ni kumtesa na kumtia sumu anapojiramba. Asifungwe mnyororo kutwa. Na wanaomkata masikio ati awe mkali, wajaribu kwanza kwenye ya kwao.

Nimeulizwa faida yake. Faida yake ni kwamba mbwa anayemjua bwana wake hukamatika. Hili sikulitambua mpaka baada ya Hayakuhusu. Watu wa mifugo wakifika kiwanjani, nusu ya kazi yao ni kukimbizana na mbwa wasiojua mkono wa mtu ila ukiwa na jiwe. Yule aliyezoea kulishwa, kuitwa jina na kutolewa kupe, husimama. Basi upole kwa mbwa si mapenzi ya kizungu, ni sehemu ya chanjo. Na mtoto aliyefundishwa kutomrushia mawe mbwa anayekula au mwenye watoto, huyo naye amepunguza jeraha moja kijijini.

Baada ya mwaka ule nilikaa bila mbwa misimu miwili. Nguruwe walinimaliza. Kisha nikachukua mwengine, mweusi mwenye doa jeupe kifuani, na mara hii jina nimempa fupi, Doa, kwani sina tena ugomvi na majirani kwa jambo hili. Tangu akiwa mdogo namzoesha kamba, mke wangu akinicheka kwamba nimepata mjukuu. Mara ya kwanza nilipompeleka kuchanjwa nilipita njia ile ile, msikitini, kisha barazani. Nilipofika barazani kahawa ilikuwa imekwisha kumiminwa, na watu wote wakanyamaza, ile kimya ya kumngojea mtu ajikwae. Mmoja akasema, "Mwalimu, leo unatembezwa?"

Nikamjibu ndiyo, natembezwa, na wa kwako yuko wapi? Akasema yuko shamba, hajazoea kamba.

Nilikuwa na kamba ya pili mfukoni, ya minazi, mpya. Nikamwekea kando ya kikombe chake, nikaendelea na safari.